Mashine, karatasi na PV: kura yetu hupotelea wapi?

Tarehe 30 Desemba 2018, katika shule moja ya msingi kule Katuba, mjini Lubumbashi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nilikuwa kwenye foleni ya kura nyuma ya jirani yangu, mama wa miaka sabini na ushee ambaye maisha yake yote hajamiliki simu ya kugusa. Zamu yake ilipofika alipewa karatasi yenye nembo ya CENI, tume yetu ya uchaguzi, akaelekezwa kwenye meza iliyozungushiwa kadibodi. Alikitazama kioo kwa muda, kisha akageuka kwa kijana aliyekuwa akielekeza watu: “Mwanangu, na hii mashini haitakumbuka kidole yangu?”

Watu walicheka. Kijana akamwambia, gusa tu Mama, usiogope. Mimi lile swali lilinikaa, kwa sababu wanasheria, maaskofu na mabalozi walikuwa wamebishana mwaka mzima juu ya jambo hilohilo, na hakuna aliyelisema kwa ufupi namna ile.

Tangu siku hiyo tumechagua tena, mwaka 2023, kwa mashine zilezile zikiwa na jina jipya. Kwa mujibu wa Katiba tutarudi kwenye biro za kura mwaka 2028. Hapa Lubumbashi, ukikaa na watu wakizungumza siasa, hoja hufungwa kwa maneno mawili: mashine iliiba. Ninaheshimu uchungu ulio ndani ya maneno hayo, lakini yanatupeleka kulinda mlango mmoja huku mwingine ukiwa wazi. Nitajaribu kuifungua hii habari kuanzia chuma chenyewe.

Mashine ile ni sanduku lenye kioo cha kugusa, tundu la kuingizia karatasi na printa ndani yake. Mchaguzi akishahakikiwa kwenye orodha hupewa karatasi ya kura ambayo haina jina la mtu yeyote. Anaiingiza kwenye tundu, anaona picha na namba za wagombea, anamgusa anayemtaka, anathibitisha. Mwaka 2018 alifanya hivyo mara tatu: kwa rais, kwa mbunge wa taifa na kwa mbunge wa jimbo. Mashine ikachapa chaguo zote tatu juu ya karatasi ileile, akaikunja na kuitumbukiza katika sanduku la kura.

Jioni sanduku hufunguliwa. Wanabiro huzisoma karatasi moja moja kwa sauti mbele ya mashahidi wa vyama, wanapiga vistari, wanajumlisha, wanajaza PV, yaani fomu rasmi ya matokeo ya biro, na kutia sahihi. Nakala ya matokeo hubandikwa mlangoni. Bahasha hupelekwa kwenye kituo cha kukusanyia matokeo (mwaka 2018 vilikuwa 179 nchi nzima) na kutoka huko hesabu hupanda hadi Kinshasa. Wakati huohuo mashine nayo imetunza hesabu yake yenyewe, na inaweza kuituma.

Kwa hiyo kila kura iliacha alama mbili, moja juu ya karatasi na nyingine katika kumbukumbu ya mashine. Tutalirudia jambo hili, kwa kuwa ndipo penye kiini cha ugomvi wote.

Wapinzani waliikataa mashine tangu ilipoonyeshwa. Kwa Kifaransa kupiga kura ni “voter” na kuiba ni “voler”, herufi moja tu ndiyo inayotofautisha. Basi “machine à voter” ikageuka “machine à voler” ndani ya siku chache, na jina likashika kuliko maelezo yote ya CENI. Lakini nyuma ya jina kulikuwa na hoja nzito, na si haki kuzichukulia kama kelele za watu waliojua watashindwa.

Ya kwanza ilikuwa ya sheria. Sheria ya uchaguzi iliyorekebishwa Desemba 2017 ilikataza upigaji kura wa kielektroniki katika uchaguzi ule. Corneille Nangaa, rais wa CENI wakati huo, alijibu kwamba kinachohesabiwa ni karatasi, kwa hiyo mashine ni chombo cha kuchapia tu. Jibu lake lina ukweli ndani yake. Lakini kama ni printa tu, kwa nini ilikuwa na kumbukumbu na uwezo wa kutuma matokeo? Hapo ndipo watu walipoanza kuona kwamba wanaelezwa nusu ya jambo.

Hoja ya pili ilikuwa ya fedha na muuzaji. Mashine zipatazo 105,000 zilinunuliwa kwa kampuni ya Miru Systems ya Korea Kusini, kwa dola zinazokaribia milioni 150. Mei 2018 vifaa vya kampuni hiyohiyo vilitumika Iraq, malalamiko yakazuka, Bunge likaamuru kura zihesabiwe upya kwa mkono, na mwezi Juni ghala lenye masanduku ya kura likaungua Baghdad. Hesabu ya mkono ilipomalizika ilibadilisha matokeo kidogo tu, lakini ni picha ya moshi wa Baghdad iliyofika kwenye simu zetu, na hiyo ndiyo iliyobaki vichwani. Machi 2019, baada ya kila kitu kwisha, Wizara ya Fedha ya Marekani ilimwekea Nangaa vikwazo ikisema maofisa wa CENI walikuwa wamepandisha gharama za mkataba wa mashine kwa kiasi kinachoweza kufika dola milioni 100. Nangaa huyo ndiye leo kiongozi wa AFC, muungano ulioshikamana na waasi wa M23 na kuziteka Goma na Bukavu mwaka 2025.

Hoja ya tatu ni ya mama jirani yangu. Mtu asiyezoea kioo atahitaji kusaidiwa, na anayekusaidia anakiona unachokigusa. Mashine haikumwuliza jina lake, kwa sababu orodha ya wachaguzi ilikuwa kwenye meza nyingine. Hata hivyo, mashine yoyote inayotunza kura kwa mfuatano inaweza kufichua siri ikiwa mtu mwingine ameandika nani aliingia wa kwanza, wa pili na wa tatu. Halafu kulikuwa na matundu ya USB. Taasisi ya Uingereza ya Westminster Foundation for Democracy iliichunguza mashine mwaka 2018, na kati ya mapendekezo yake lilikuwamo la kuyaziba matundu hayo. Mtu akiambiwa hivyo miezi michache kabla ya kupiga kura, utamlaumu kwa kuwa na shaka?

CENI nayo ilikuwa na tatizo la kweli la kutatua. Kwa viti 500 vya Bunge la taifa walijitokeza wagombea zaidi ya 15,000. Anayekumbuka 2011 anakumbuka zile karatasi za kura zilizokuwa kubwa kama gazeti, kurasa juu ya kurasa, mtu akipekua akimtafuta mgombea wake huku foleni ikinung’unika nje. Kuchapa na kusafirisha mzigo wa namna ile katika nchi isiyo na barabara ni kazi ya miezi. Mashine ilipunguza mzigo huo hadi karatasi moja, na hilo tusilikatae.

Tatizo ni kwamba ilikuja katika nyumba ambayo tayari haikuwa na amani. Muhula wa Rais Joseph Kabila ulikwisha Desemba 2016 na uchaguzi ukasogezwa, ukasogezwa tena. Orodha ya wachaguzi ilikuwa na majina zaidi ya milioni 40. Ukaguzi wa shirika la nchi zinazozungumza Kifaransa ulikuta asilimia 16.6 ya waliomo hawana alama za vidole. Sisi wa Lubumbashi tulikuwa na jambo letu zaidi: tarehe 3 Agosti 2018 Moïse Katumbi, gavana wetu wa zamani, alizuiwa kuingia nchini kwenye mpaka wa Kasumbalesa, siku chache kabla ya mwisho wa kupeleka fomu za urais. Desemba 11 Martin Fayulu, mgombea urais wa upinzani, alipokuja hapa kufanya kampeni, polisi walitawanya watu na damu ikamwagika. Ukimzuia mtu mpakani leo, kesho ukamletea mchaguzi wake sanduku lenye kioo na kumwambia “tuamini”, atakuamini kwa lipi?

Upinzani wenyewe haukusimama pamoja. Tarehe 26 Oktoba 2018 vyama kadhaa viliandamana kuikataa mashine, lakini UDPS, chama cha mgombea mwingine wa upinzani, Félix Tshisekedi, haikuingia katika maandamano hayo. Chama hicho kilikuwa kimeamua kwenda kwenye uchaguzi, mashine iwepo isiwepo. Fayulu alishikilia msimamo wa kuikataa mpaka karibu na siku yenyewe. Ni tofauti ndogo kwa macho ya wakati ule, lakini ilizaa makubwa.

Mwezi wa mwisho mambo yalikimbia. Desemba 13 ghala la CENI liliungua Kinshasa, na mashine kama 8,000 kati ya zile zilizotengwa kwa mji mkuu zikateketea. Uchaguzi ukatolewa tarehe 23 ukapelekwa tarehe 30. Desemba 26 ikatangazwa kwamba sehemu za Beni, Butembo na Yumbi zitapiga kura Machi 2019, maana yake rais angechaguliwa bila wao. Sababu zilizotolewa zilikuwa Ebola na usalama mdogo. Watu wa Beni hawakukaa nyumbani. Tarehe 30 walipanga foleni, wakaandika kura zao kwenye karatasi za kawaida, wakazihesabu wenyewe hadharani. Hazikuingia katika hesabu ya taifa. Bado naamini hakuna kura iliyohesabiwa kwa uwazi zaidi mwaka ule.

Kesho yake, Desemba 31, intaneti ilikatwa nchi nzima na ikakaa hivyo kwa karibu siku ishirini. Usiku wa kuamkia Januari 10, CENI ilimtangaza Tshisekedi mshindi kwa asilimia 38.57, Fayulu akifuata kwa 34.8. Kanisa Katoliki, lililokuwa na waangalizi wapatao 40,000, likasema matokeo hayo hayalingani na yale waliyoyakusanya.

Sasa tufike pale nilipokuwa nakupeleka. Siku chache baadaye gazeti la Financial Times lilichapisha uchambuzi wa data zilizovuja, ambazo lilisema zilitoka katika hifadhi ya kielektroniki ya matokeo na kugusa asilimia 86 ya kura. Ndani yake Fayulu alikuwa na asilimia 59.4, Tshisekedi 19. Upande wa ushindi ulizikana data hizo. Fayulu alikwenda Mahakama ya Katiba kuomba kura zihesabiwe upya kwa mkono. Mahakama ikasema ombi lake halina msingi, na Januari 24 rais mpya akaapishwa.

Tazama jinsi mambo yalivyogeuka. Mtu aliyeikataa mashine kuliko wote alikuja kupata ushahidi wake mzito katika kumbukumbu zinazosemwa kuwa za mashine. Kama data zile ni za kweli, basi mashine katika maelfu ya madarasa ilihesabu kile watu walichokigusa, na hesabu ikabadilika baada ya kutoka darasani. Kama si za kweli, ilikuwa rahisi kabisa kuonyesha hivyo: kufungua masanduku, au kuweka hadharani PV zote za biro zaidi ya 75,000. Halikufanyika la kwanza wala la pili, na matokeo ya biro kwa biro, ambayo sheria inayataka, hayakutolewa.

Kwa hiyo ninaposema ugomvi wetu ulilenga mlango mmoja, simaanishi mashine ilikuwa safi. Namaanisha hakuna aliyepewa nafasi ya kujua.

Sisi wa Katanga, eneo hili la Lubumbashi, tuna sababu ya ziada ya kulijua hili. Mwaka 2011 hapakuwa na mashine hata moja. Ilikuwa karatasi, kalamu na sanduku. Waangalizi wa Carter Center, shirika la Marekani, waliandika kwamba katika maeneo kadhaa ya Katanga waliojitokeza walifika asilimia 99 hadi 100, na karibu kura zote zikaenda kwa mgombea mmoja, Kabila. Yeyote aliyewahi kuona kijiji wakati wa mvua anajua kwamba asilimia mia moja ya watu hawafiki popote: kuna wagonjwa, kuna waliofiwa, kuna waliokwenda mashambani, kuna waliokufa tangu waandikishwe. Kinshasa nako matokeo ya karibu biro 2,000 yalipotea kabisa. Karatasi haikutuokoa, kwa sababu waliozijumlisha hawakulazimika kutuonyesha walichojumlisha.

Nchi nyingine zimepita njia hii. Mwaka 2003, katika manispaa ya Schaerbeek huko Ubelgiji, mgombea mmoja alipata kura 4,096 za ziada kutoka kwenye kompyuta. Hakuna aliyeiba. Maelezo yaliyokubalika ni kwamba tarakimu moja ndani ya kumbukumbu ilijigeuza yenyewe, kwa kuwa katika lugha ya kompyuta 4,096 ni thamani ya nafasi moja tu. Kosa liligunduliwa kwa kuwa jumla yake ilizidi idadi iliyowezekana. Je, kama kura zingekuwa 512? Zingepita kimya. Mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilisema mashine zilizotumika kwao mwaka 2005 zilivunja katiba, kwa hoja ambayo ningependa ibandikwe kwenye mlango wa kila biro: raia wa kawaida, asiye na utaalamu wowote, lazima aweze kuthibitisha hatua muhimu za uchaguzi na za kuhesabu kura.

Jirani zetu wa Kenya walijifunza kwa gharama kubwa. Wao hupiga kura kwa karatasi, lakini matokeo hutumwa kwa njia ya kielektroniki, na hapo ndipo 2017 ilipovurugika. Mahakama ya Juu iliamuru mitambo ya tume ikaguliwe, tume haikuifungua kama ilivyoamriwa, na Septemba 1 uchaguzi wa rais ukafutwa. Mwaka 2022 tume iliweka kwenye intaneti picha za fomu za vituo 46,229, kila mtu azione. Wanahabari na wanafunzi walikaa usiku kucha wakijumlisha. Makamishna wanne kati ya saba walijitenga na matokeo, lakini fomu zilikuwa zimeshasambaa, na aliyepinga alitakiwa aonyeshe fomu ipi ina kosa. Ubishi haukuisha, ila ulipata kitu cha kushika mkononi.

Kwetu, 2023 ilileta hatari nyingine. CENI chini ya Denis Kadima iliiita mashine DEV, kifupi cha Kifaransa cha “kifaa cha kielektroniki cha kupigia kura”, na uchaguzi uliopangwa kwa siku moja, Desemba 20, ukaendelea siku zilizofuata kwa sababu biro nyingi zilichelewa kufunguliwa. Kabla ya hapo kadi za wachaguzi zilianza kufutika, picha na jina vikififia hadi mtu akabaki na kipande cheupe mfukoni. Watu walirudi kupanga foleni kuomba nyingine. Masisi na Rutshuru, kule mashariki, hazikuchagua kwa sababu ya vita. Halafu zikaja video za mashine zikiwa majumbani mwa watu.

Hapa inafaa nieleze kwa nini hilo linatisha. Katika uchaguzi wa zamani mwizi alihitaji kura zilizochapwa kiwandani. Karatasi ya DEV haina jina. Mashine ndiyo inayolichapa. Mwenye mashine na rundo la karatasi nyumbani kwake ana kiwanda kamili cha kura, na kila anayotengeneza inafanana na yako. Januari 5, 2024 CENI yenyewe ilifuta kura za wagombea 82 wa ubunge na udiwani, kati yao watu wenye vyeo vikubwa, kwa makosa yaliyojumuisha kushika mashine isivyo halali na kujaza masanduku. Ilifuta pia uchaguzi wa wabunge wa Masimanimba na Yakoma. Ulikuwa uamuzi wa ujasiri, sitaunyima sifa. Lakini kura za rais, zilizopigwa siku zilezile kwa mashine zilezile, hazikuguswa, na picha za PV za biro zote hatukuwekewa hadharani tukazilinganisha wenyewe.

Mwaka 2028 wengine watataka mashine iondoke, wengine ibaki. Mimi ningekubali mashine iliyo chakavu lakini PV zake zote zikawekwa wazi usiku uleule, kuliko karatasi safi zinazopandishwa ndege kwenda mahali nisipoona. Na ningekataa yote mawili kama intaneti itakatwa asubuhi yake.

Shemeji yangu alikuwa shahidi wa chama katika biro ile ya Katuba. Umeme ulikatika wakihesabu, wakamalizia kwa mwanga wa tochi za simu, mmoja akisoma, mwingine akipiga vistari, wengine wakikazia macho kila karatasi iliyoinuliwa. Karibu na usiku wa manane matokeo yalibandikwa mlangoni, naye akayapiga picha. Asubuhi alitaka kuituma kwa wenzake, intaneti haikuwepo. Siku ya tatu nilipita shuleni pale; mvua ilikuwa imepiga mlango usiku, karatasi imejikunja, tarakimu zimetiririka hadi chini. Picha anayo bado, amekuwa akiihamisha kila anapobadilisha simu, na namba zinasomeka vizuri, hata sahihi za mashahidi zinaonekana. Nimetafuta takwimu rasmi ya biro ile niiweke kando yake. Sijaipata.